Gari Linaloinuka Likiwashwa

Gari langu, Mercedes-Benz S-Class ya mwaka 2000, halikai juu ya springi za chuma. Linakaa juu ya mifuko ya mpira iliyojaa upepo. Mpira ukizeeka, upepo unavuja usiku kucha, na asubuhi unalikuta limelala kama ngamia. Ukiliwasha, kompresa inajaza upepo, linanyanyuka taratibu, huwezi kujua.

Nataka kuliuza, nikaenda Gerezani kuulizia mfuko. Mpya, bei ilinitoa jasho: gari la kifahari hushuka thamani, spea zake hazishuki. Wa mtumba nao ni mpira uliozeeka vilevile. Fundi akacheka: "Bosi, gharama ya nini? Mteja akija, akute umeshaliwasha."

Hapo nikakwama. Si ningekuwa sijasema uongo hata neno moja? Lakini kuwasha gari mapema ili mtu asione ni kusema "halina tatizo" kwa mkono badala ya mdomo. Na kompresa inayojaza mfuko unaovuja huungua. Deni langu angelilipa yeye.

Sijanunua mfuko bado. Ila mteja akija, atalikuta limezimwa, limelala. Aangalie kwanza, ndipo tuongee bei.