Twiga Mweupe na Punda wa Maji

Habari zina mizani yake, msomaji wangu, nayo si mizani ya haki. Machi 2020 ilitangazwa kwamba twiga wawili weupe, mama na mwanawe, wameuawa na majangili katika hifadhi ya Ishaqbini, kaunti ya Garissa. Ilikuwa imebaki mifupa tu. Weupe wao ulitokana na hitilafu ya maumbile inayoinyima ngozi rangi yake, na kwa sababu hiyo walikuwa adimu mno. Habari hiyo ilivuka bahari. Watu wa Ulaya na Marekani, ambao hawajapata kulisikia jina la Garissa, waliwasikitikia twiga wale kwa moyo safi. Na kabla mwaka haujakwisha, dume mmoja aliyesalia alifungwa chombo cha kuonyesha mahali alipo, ili alindwe.

Miaka minne baadaye, katika masika ya 2024, mto Tana ulifurika. Mabwawa ya juu yalikuwa yamejaa, na maji yaliingia katika mitaa ya Garissa iliyo karibu na mto. Mwisho wa Aprili barabara ya kutoka Madogo kwenda mjini ilifunikwa na maji, watu wakawa wanavushwa kwa mashua. Moja ikapinduka, na roho za watu zikapotea. Waliohama makwao walikwenda kujisitiri chini ya maturubai. Katika siku zile, huko Galbet, nilimsikia kijana mmoja akisema kwa uchungu, "Sisi tuwe na rangi gani ndipo tuonekane?"

Swali lile halikuniacha. Jibu jepesi ni kuwalaumu waliomlilia twiga. Lakini twiga hakumnyang'anya mtu nyumba yake, wala chozi alilotolewa yeye halikuchotwa katika kisima cha binadamu. Kosa halikuwa kwamba mnyama aliliwa tanga. Kosa ni kwamba mtu hakuliwa.

Hata hivyo nisikudanganye. Huruma haipungui kwa kugawiwa, lakini maji hupungua. Katika ukame wa 2021 na 2022, wanyama wa pori katika nchi ile walipelekewa maji kwa magari, na wakati huohuo wako kina mama waliokwenda mwendo mrefu kuyatafuta. Ikiwa ndoo ni moja, na wenye kiu ni mtoto na mbuzi, hapana haja ya falsafa. Mama atamtanguliza mwanawe, nami sitamwona mkatili. Walakini ndoo haiwi moja kila siku, na wengi wetu tunaotumia hoja hiyo hatukupata kuwa na ndoo moja maishani mwetu.

Sasa umtazame punda. Garissa ni mji wa joto kali, na punda ni sehemu ya uhai wake. Huvuta mikokoteni yenye mitungi ya maji, kuni, saruji na vyombo vya nyumbani. Wako wanaotunzwa vizuri. Wako pia wenye vidonda mahali mikanda inapowachubua, nao hupigwa fimbo papo hapo penye kidonda, kwa kuwa ndipo wanapoharakisha. Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, sura ya 360, inakataza kumpiga mnyama kikatili na kumtwika mzigo uliozidi nguvu zake. Sheria imo kitabuni, na punda yumo barabarani. Tena mwenye fimbo mara nyingi ni kijana ambaye asipomaliza safari zake hali chakula jioni. Njaa nayo imeshika ncha moja ya fimbo ile, ingawa haiwezi kuishika yote.

Kwa nini hapana anayemwandika punda? Kwa sababu si adimu. Twiga mweupe tulimpenda kama watu wanavyopenda johari. Ndugu zetu tunawapenda kwa kuwa ni sehemu yetu wenyewe. Punda si johari wala si ndugu, na kwa hiyo humpima mtu kwa kipimo kisicho na upendeleo. Kila mtoto aliyepita chuo cha Kurani amesikia habari za yule mtu aliyeshuka kisimani, akateka maji kwa kiatu chake, akamnywesha mbwa. Mbwa yule hakuwa na rangi ya ajabu. Mtu yule alikuwa ametoka kuonja kiu mwenyewe, akaitambua kwa mwingine.

Nami naona kwamba aliyepoteza makazi hugeuka punda machoni petu upesi sana. Juma la kwanza la mafuriko aliletewa mablanketi, na kamera zilifika. Mwezi wa tatu turubai lake lilikuwa limechanika, na wapita njia walikuwa wamelizoea kama wanavyozoea mti. Ibara ya 43 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya makazi ya kufaa. Haisemi kwamba haki hiyo hudumu kwa muda ambao habari zake ni mpya.

Jioni moja mkokoteni wa maji ulisimama mbele ya turubai la namna hiyo. Kijana mwenye punda alipakua mtungi mmoja, ambao mama mwenye turubai alikuwa ameulipia. Punda alinyosha shingo kuelekea maji. Kijana akainua fimbo. Yule mama, ambaye mtungi ule ulikuwa wa kupikia, kunywa na kunawia mpaka kesho yake, alisema neno moja la Kisomali nisilolifahamu, na fimbo ikashuka. Kisha akamimina maji kidogo katika karai, akalisukuma kwa mguu wake mpaka mbele ya punda, akaingia ndani kuwasha moto.