Kitabu cha Mashine na Mgongo wa Mama Fua

Kitabu kilichokuja na mashine yetu mpya ya kufua kimejaa huruma. Mashine isiwekwe kwenye sakafu iliyoinama. Isishindiliwe nguo, ibaki nafasi ya kupitisha kiganja juu yake. Sabuni iwe ya povu dogo na isizidi kipimo. Ikimaliza kazi, mlango wake wa mbele uachwe wazi ili ndani pakauke, na mpira wa mlangoni ufutwe maji usije ukaota kuvu. Kichujio cha chini kisafishwe mara kwa mara. Ikitetemeka kupita kawaida, izimwe mara moja na fundi aitwe. Hapa nyumbani kwetu Embu maagizo hayo yanafuatwa na kila mtu, hadi kitinda mimba wetu, ambaye huwakemea wakubwa wakifunga mlango mapema.

Tangu nikisome kitabu hicho, fikira zangu zimekuwa kwa mama fua.

Msomaji wa Meru, Chuka au Runyenjes hahitaji kuelezwa mama fua ni nani. Ni yule mama anayebisha lango asubuhi, wakati umande haujakauka, akiwa na leso kiunoni na ndara miguuni. Bei yake hupatanwa pale pale, mbele ya rundo la nguo, na mara nyingi mwenye rundo ndiye mwenye kazi ya kuipunguza. Kisha anaanza. Anachota maji kwa mitungi ya lita ishirini, na kila mtungi ukijaa una uzito wa kilo ishirini. Anapanga makarai matatu chini: la kuloweka, la kufua, la kusuuza. Anainama kuanzia kiunoni, miguu imenyooka, na mkao huo ndio atakaokaa nao hadi mchana.

Ukitaka kujua uzito wa kazi hiyo, itazame mikono yake anapofika kwenye kola za mashati ya shule. Nguo inakunjwa mara mbili, inapakwa sabuni ya kipande, halafu inafikichwa juu ya kifundo cha mkono wa pili, kitambaa kwa kitambaa na ngozi katikati. Soksi za wavulana zimenywa udongo mwekundu wa milimani, udongo huu unaotupa kahawa, chai na ndizi na usiokubali kuachana na nguo nyeupe. Suruali ya jinzi iliyolowa ni mzigo peke yake. Shuka la kitanda kikubwa halikamuliki na mtu mmoja, kwa hiyo analipitisha nyuma ya nguzo ya kamba, anashika ncha mbili na kusokota hadi maji yaishe. Mwezi wa Julai, ukungu unapoushika mji tangu alfajiri na mvua ya rasharasha haikatiki, maji ya bomba huuma vidole. Magadi ya sabuni humaliza mafuta ya ngozi, na viungo vya vidole hupasuka. Nimewahi kumwona mama akivilamba vidole vyake damu ikitoka, halafu akavirudisha majini.

Huyo hakuja na kitabu. Hakuna ukurasa uliosema asiwekewe karai chini kabisa, au asijaziwe rundo kupita kiasi, au apumzike mgongo ukianza kutetemeka. Ameshika kazi hii miaka na miaka katika nyumba za watu wema, wacha Mungu, na wengi wao hawakuwahi kuuliza kama mgongo unamuuma.

Siandiki haya kuibeza mashine. Mashine ni neema, na ninaipenda. Pipa lake limelala ubavu, hivyo nguo hazielei kwenye maji mengi. Zinainuliwa hadi juu kisha zinaangushwa, tena na tena, na huko kuanguka ndiko kunakozifua. Ndiyo maana maji yake ni machache kuliko ya mashine zinazofunguliwa kwa juu, na ndiyo maana sabuni ya kawaida ya kufulia kwa mkono, yenye povu jingi, huisumbua. Ndani kuna jiwe la zege la kuituliza inapokamua kwa kasi, na vijana wawili waliopanda nayo ngazi walilijua jiwe hilo kabla ya sisi kusoma habari zake. Stima nyingi inaliwa na kipasha maji, kwa hiyo nguo za kila siku tunazifua kwa maji baridi na tokeni zinadumu.

Mama yangu alipokuja kutoka Meru alivuta kigoda, akaketi mbele ya kile kioo. Yeye alifua katika Mto Kathita, wakati Jumamosi ya wasichana ilikuwa ya mto: nguo zinapigwa juu ya mawe, zinaanikwa juu ya vichaka, na unarudi nyumbani na mtungi mgongoni kwa sababu huwezi kwenda mtoni ukarudi mikono mitupu. Alikaa hadi mashine ikanyamaza. Akatoa shati la baba watoto, akalinusa, akalitafuta doa la utomvu wa ndizi kwenye mkono. Lilikuwapo.

“Hilo halina dawa, mwanangu,” akasema. “Lakini mengine imeyaweza. Sasa wewe utafanya nini saa hizi zote?”

Swali hilo lina historia ndefu kuliko nilivyodhani. Hans Rosling, daktari wa Uswidi aliyewahi kutibu wagonjwa Nacala, Msumbiji, alisimulia mwaka 2010 jinsi bibi yake alivyoketi kuitazama mashine ya kwanza ya kufua ya familia yao tangu ianze hadi imalize. Mama yake, nguo zikiwa zimeshapakiwa mashineni, akamchukua mtoto wake wakaenda maktaba. Kwa Rosling, mashine ile iliwapa vitabu, na ndivyo alivyopenda dunia nzima ifaidike. Lakini Ruth Schwartz Cowan, mwanahistoria wa Marekani, alikuwa ameshaonyesha upande mwingine katika kitabu chake cha mwaka 1983. Mashine zilipoingia katika nyumba za huko, dobi aliyekuwa akilipwa aliondoka, na kazi yake yote ikarudi kwa mwanamke mmoja mwenye nyumba. Watu nao wakaanza kubadilisha nguo kila siku, mashuka kila wiki, na rundo likakua hadi likameza muda uliookolewa.

Nayaona yote mawili sebuleni kwangu. Taulo lililokuwa likitumika wiki nzima sasa linatupwa kapuni baada ya siku mbili. Lakini pia nimeona jambo ambalo sikulitarajia: mume wangu na wavulana wetu wanafua. Huku kwetu mwanamume akionekana uani ameinamia karai, na mkewe yupo, majirani hupata la kusema. Mashine iko ndani na ina vitufe, na aibu ile imeyeyuka. Bado kuanika na kukunja kunarudi kwetu wanawake, na hilo tunaendelea kuligombania. Utafiti wa matumizi ya muda uliofanywa na Shirika la Takwimu la Kenya mwaka 2021 ulionyesha kwamba wanawake hutumia karibu mara tano ya muda wa wanaume katika kazi za nyumbani na malezi yasiyolipwa. Mashine haiwezi kulitengeneza hilo. Linatengenezwa na mzazi anayemwita mtoto wa kiume aje akunje mashuka.

Kuna jambo jingine linalonikosesha raha. Maji yanayoingia katika mashine yangu yanateremka kutoka Mlima Kenya. Mito hiyo hiyo, Rupingazi ikiwamo, huishia katika Tana, na Tana ndiyo inayozungusha mitambo ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Kindaruma ilianza kazi mwaka 1968, na Kiambere ikafuata mwaka 1988. Basi mlima unanipa maji, na mto wake unanipa sehemu ya stima. Shuka sasa hadi Mbeere, kwenye nchi kavu inayopakana na mabwawa hayo, uone punda na mitungi ya manjano barabarani. Mama wa huko akifua anahesabu kila kikombe, na maji ya kusuuzia leo ndiyo ya kulowekea kesho. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inampa haki ya maji safi na ya kutosha. Kwake bomba la uani lingekuwa ukombozi mkubwa kuliko mashine yoyote, na viongozi wanaoomba kura Kiritiri na Siakago wanalijua hilo vizuri.

Nirudi kwa mama fua, kwa sababu mashine inapoingia nyumbani yeye ndiye anayepoteza. Kwa siku zake mbili za kufua analipa kodi ya chumba, ananunua unga, anampeleka mtoto shule. Hana barua ya ajira wala malipo ya kuagana. Katika nyumba nyingi hupata habari akiwa langoni: siku hizi tuna mashine. Anaitikia, anashukuru, anageuka na leso yake. Wa kwetu tulikaa naye kabla mashine haijaletwa. Blanketi nzito haziingii, na mapazia na zulia bado zinahitaji mikono. Nguo za kupiga pasi zimeongezeka. Anakuja siku moja badala ya mbili, na malipo ya siku hiyo tumeyaongeza, ingawa hayajafika yale ya siku mbili, na yeye mwenyewe ametafuta nyumba nyingine ya kujazia. Tulichofanya kinapunguza tu hasara aliyoletewa bila kuulizwa.

Kwa hiyo ninalo ombi. Kama unapanga kununua mashine, zungumza na mama fua wako kabla hujailipia, umweleze kazi ipi itabaki na kwa malipo gani. Kama haitabaki kazi, mpe taarifa ya mwezi mzima na kitu cha kumsogeza, kama ambavyo ungetaka mwajiri wako akutendee. Na kama huna mashine, na mama fua atakuja kwako Jumamosi hii, tafuta meza au benchi ya kuinulia karai ili asiiname hadi chini. Mwambie mwanao wa kiume ajaze mitungi kabla hajafika. Julai hii mchemshie maji. Mpe chai saa nne, akae anapokunywa. Jioni mlipe bei mliyopatana, mkononi, siku hiyo hiyo.