Ameshikwa na Nani?

Kwa Kiswahili mtu hushikwa na kifafa, au kifafa humpanda, kama vile apandwavyo na pepo. Mgonjwa hakupewa kitenzi cha kutenda. Wagiriki nao walilijenga neno lao, epilepsia, juu ya maana hiyohiyo ya kukamatwa. Lugha hizi hazikuulizana, lakini zote mbili zimegusa swali moja: mwili ukitikisika pasi na mwenyewe kuutikisa, tendo hilo ni la nani?

Mwaka 1985, huko Sheffield, Uingereza, Anthony Barker na wenzake waliweka koili ya waya juu ya kichwa cha mtu aliye macho, wakapitisha ndani yake mkupuo wa umeme wa muda mfupi mno. Umeme ukazaa usumaku, usumaku ukapenya fuvu bila ya kulijeruhi, ukaamsha umeme mwingine ubongoni, na mkono ukacheza. Mwenye mkono hakukusudia. Kabla yao, huko Montreal, mpasuaji Wilder Penfield alikuwa akiugusa kwa umeme ubongo ulio wazi wa wagonjwa wa kifafa, nao wako macho. Katika kitabu chake cha 1975 alieleza kwamba mkono ulipoinuka, mgonjwa alikana kuuinua. Aliyeuinua, alisema, ni daktari. Penfield aliona humo dalili kwamba nafsi si ubongo mtupu. Hoja hiyo haitoshi, kwani kukana nako yamkini ni kazi ya ubongo. Hata hivyo ushahidi wa mgonjwa una uzito wake: alijua lililo lake na lisilo lake.

Siku hizi sumaku hutumika pamoja na mchoro wa umeme wa ubongo, ule ambao Hans Berger aliutangaza mwaka 1929. Pigo hutolewa, mchoro huonyesha jinsi ubongo ulivyoitikia, na mara nyingi ubongo wenye kifafa huitikia kwa ukali zaidi. Baadhi ya dawa huutuliza, hata pigo kubwa zaidi likahitajika ili kidole kicheze. Mapigo ya polepole, kama moja kwa sekunde, yamejaribiwa kuwa tiba, matokeo hayajalingana. Na mara chache sumaku yenyewe huweza kukiamsha kifafa.

Wapo wanaotumaini kwamba elimu ya umeme itaifuta aibu ya maradhi haya. Ni matumaini mepesi. Huko Mahenge, Tanzania, ambako daktari Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960, watu waliogopa mate ya mgonjwa, hata aliyeangukia motoni akaweza kukosa wa kumtoa. Hofu ile haikuwa ya pepo peke yake. Tena pepo angalau ni mgeni, huombwa akatoka. Ubongo ni mwenyeji. Binti aliyekataliwa uchumba kwa sababu ya pepo akielezwa kwamba kasoro ni ya ubongo wake, huenda akakataliwa mara ya pili, na safari hii bila ya mganga wa kumtetea.

Naye daktari, ashikapo koili, huwa amekalia kiti kilichokuwa cha pepo. Tofauti moja ni kubwa: yeye hubisha hodi. Kabla ya pigo la kwanza mgonjwa huulizwa kama anaridhia, naye anaweza kukataa.