Chuchu Isiyo na Maziwa na Suala la Kumdanganya Mtoto

Suala la iwapo mtoto mchanga anaweza kudanganywa huonekana jepesi mpaka lihusishwe na kitu mahususi, na kitu kinachofaa zaidi kwa uchunguzi huo ni chuchu ya bandia, yaani kile kipande cha mpira au silikoni chenye umbo la chuchu ya titi, ambacho mtoto hukinyonya pasipo kupata maziwa wala chochote kingine. Katika mkusanyiko wa hadithi za Mtume Muhammad ulioandaliwa na Abu Dawud, Abdallah bin Amir anasimulia kwamba alipokuwa mtoto mama yake alimwita akimwahidi kitu, na Mtume, aliyekuwa ameketi nyumbani kwao, akamuuliza mama huyo alikusudia kumpa nini. Alipojibu kuwa ni tende, aliambiwa kwamba lau asingempa kitu angeandikiwa uongo. Fundisho hilo halimsamehe mzazi kwa sababu ya udogo wa mtoto, na likichukuliwa kwa ukali wake wote huelekea kumhukumu kila anayemtia mwanawe chuchu tupu mdomoni, kwa kuwa umbo lake laahidi maziwa na ndani yake hamna kitu.

Hukumu hiyo, hata hivyo, ina haraka, na kasoro yake huonekana wazi katika hali ya mtoto anayenyonya titi huku akisumbuliwa na kucheua. Kucheua ni kurudi kwa maziwa kutoka tumboni kupitia umio, ambao ni mrija unaounganisha koo na tumbo, kwa sababu msuli unaofunga mlango wa tumbo bado haujakomaa. Hali hii huwapata watoto wengi, hufikia kilele karibu na mwezi wa nne, na kwa walio wengi huwa imekwisha wanapotimiza mwaka mmoja. Maziwa yaliyochanganyika na asidi ya tumbo yanaporudi huweza kuunguza, mtoto akalia, na kwa kuwa kunyonya ndiko kujituliza anakokujua zaidi, hulitafuta titi. Titi nalo, likitimiza wajibu wake, humpa maziwa ambayo tumbo lililokwisha kujaa haliwezi kuyahimili, yakarudi tena na kilio kikaanza upya. Katika mzunguko huo titi la kweli, lenye kutimiza kila linaloliahidi, ndilo linalozidisha maumivu, ilhali chuchu isiyotoa kitu humfanya mtoto atoe mate na kuyameza, na mate hayo huosha asidi iliyobaki kwenye umio na kupunguza ukali wake.

Hapa hufufuka mjadala wa kale uliowagawa Waepikureo na Wastoiko, wale wale ambao kitabu cha Matendo ya Mitume kinasema walihojiana na Paulo huko Athene. Makundi yote mawili yalimchukua mtoto mchanga kuwa shahidi bora wa maumbile ya binadamu, kwa hoja kwamba desturi na maoni ya watu havijapata nafasi ya kumpotosha, lakini yalitofautiana kuhusu anachokishuhudia: wafuasi wa Epicurus walisema kwamba msukumo wa kwanza wa kiumbe ni kutafuta raha na kukimbia maumivu, na Wastoiko, wakimfuata Chrysippus, walisema kwamba ni kuihifadhi nafsi yake, raha ikiwa ni jambo linalofuata tu. Mtoto anayetulia kwa kunyonya kitu kisicholisha aonekana kumpa ushindi Epicurus. Lakini Mstoiko angeweza kujibu, na jibu lake lina nguvu zaidi, kwamba mtoto huyo anautunza mwili wake pasipo kujua, kwa kuwa kila funda la mate analolimeza hulinda umio wake. Kwa vyovyote, mtoto hakuwa akitafuta maziwa peke yake, na ikiwa alichokitafuta ni nafuu na nafuu ameipata, basi mkono uliomwita haukuwa mtupu.

Hoja ya udanganyifu hudhoofishwa zaidi na mtoto mwenyewe anapokataa. Chuchu ya titi hurefuka na kubadilika ndani ya kinywa hadi kukaribia mahali ambapo kaakaa gumu hukutana na kaakaa laini, na ulimi uliozoea hali hiyo hukisukuma nje kitu kisichobadilika, pengine kwa kichefuchefu. Wazazi hujaribu chuchu za bandia zenye ncha ya duara na zilizobanwa upande mmoja, za mpira ambazo ni laini na za silikoni ambazo ni ngumu kidogo, na mara nyingi hugundua kwamba wakati wa kuitoa una uzito kuliko umbo, kwani anayeikataa akiwa katikati ya kilio huweza kuipokea akiwa ametulia, amebebwa wima baada ya kunyonya, hasa ikiwa imechovywa katika maziwa ya mama yake. (Asali haifai kamwe kabla ya mwaka mmoja, kwa sababu ya vijidudu viwezavyo kuleta ugonjwa wa kupooza uitwao botulizimu.) Tone hilo la maziwa ndilo pekee lenye sura ya hila, nalo ni hila ndogo, maana likiisha mtoto hubaki huru kuitema.

Uhuru huo una kielelezo katika Sura al-Qasas, inayoeleza kwamba Musa, akiwa mchanga mikononi mwa watu wa Firauni, alizuiliwa kuwanyonya wanyonyeshaji wote mpaka dada yake alipowaelekeza kwenye nyumba ya mama yake. Waliokataliwa walikuwa na maziwa ya kweli, na bado aya haimhesabu mtoto kuwa mkaidi. Kukataa kwake ndiko kulikopitishiwa makusudi ya Mungu, na nyumba iliyokuwa na amri juu ya uhai wa watoto wa Waisraeli ikalazimika kutafuta kile ambacho kinywa kimoja kingekikubali. Mzazi anayebadilisha chuchu moja baada ya nyingine yumo katika utaratibu wa namna hiyo, ulio karibu zaidi na kuomba ridhaa kuliko kughilibu.

Shirika la Afya Duniani na UNICEF, katika hatua kumi za kufanikisha unyonyeshaji zilizotangazwa mwaka 1989, zilikataza chuchu za bandia kwa watoto wanaonyonya titi, kwa hofu kwamba titi lisiponyonywa vya kutosha hupunguza maziwa. Marekebisho ya mwaka 2018 yaliondoa katazo hilo na kuagiza mama ashauriwe kuhusu matumizi na hatari zake. Badiliko hilo linaurudisha uamuzi kwa mzazi, na pamoja nao swali lile aliloulizwa mama wa Abdallah, yaani alikusudia nini. Chuchu inayotiwa mdomoni ili kilio cha njaa kisisikike, au inayofunika dalili kama matapishi ya kijani, damu, au uzito usioongezeka, ambazo zinahitaji daktari, haimpi mtoto chochote, na hapo shtaka la uongo husimama. Wapo pia watoto wasiokubali chuchu yoyote ya bandia hata wakijaribiwa kwa subira. Hao hubebwa wima kifuani kila wamalizapo kunyonya, kwa muda wa nusu saa hivi, hadi msuli wa mlango wa tumbo utakapokomaa.