Gari Lililochemsha Mlimani

Mjomba alipostaafu ualimu alirudi kwao Ipinda na Toyota Corolla yenye injini ya 5A, gari lililokwisha kula ujana wake Japani kabla ya kushushwa bandarini Dar es Salaam. Alilinunua kwa kiinua mgongo, lakini kwa miaka sita lilikuwa gari la kijiji. Usiku wa manane aligongewa mlango apeleke mjamzito hospitali ya Matema. Msimu wa mavuno lilibeba mchele hadi Kyela mjini, na harufu ya kakao haikuwahi kutoka kwenye viti vyake.

Mwaka wa saba likaanza kuchemsha. Halikuchemsha Ipinda, wala njia ya Matema, wala likienda Itungi bandarini. Lilichemsha likipanda kwenda Tukuyu tu. Naomba msomaji alishike hilo, kwa sababu sisi hatukulishika, na gharama yote ninayoisimulia hapa ilitokana na kutolishika.

Fundi wa kwanza alifungua boneti, akafungua kifuniko cha rejeta, akachungulia maji. "Mwalimu, hii ni themostati. Nchi ya joto kama Kyela haiihitaji. Tuing'oe."

Ikang'olewa. Ushauri huo umeenea gereji nyingi, na ni ushauri mbaya. Themostati ya injini ile hubaki imefunga hadi maji yafike nyuzi 82 hivi, ndipo ifungue njia ya kwenda kwenye rejeta. Ikiondolewa, injini huchelewa kupata joto lake, kompyuta ya gari hudhani bado ni baridi na kuongeza petroli, na oili huchafuka mapema. Mjomba aliona matumizi ya petroli yakipanda. Na mlimani gari likachemsha kama kawaida.

Fundi wa pili akasema pampu ya maji. Hapo ndipo simu iliponifikia mimi, Dar es Salaam. "Mpwa wangu, wanasema ni pampu." Sikumuuliza nani kasema, wala kaonaje. Nilikwenda Kariakoo jioni ileile nikaomba pampu ya Corolla. Muuzaji akaniuliza ya mwaka gani, namba ya chesisi iko wapi. Nikabahatisha. Nikalipa bei iliyonifurahisha, nikaipakia kwenye basi la Kyela. Baadaye niliziweka zote mbili mezani, hiyo mpya na ile iliyotolewa. Mapanga ya ile ya zamani yalikuwa ya chuma cha kusubu, ya mpya yalikuwa ya bati lililokunjwa. Na ile ya zamani haikuwa na alama ya kuvuja hata tone, mhimili wake haukucheza hata ulipotikiswa kwa nguvu. Tulikuwa tumetoa pampu nzima tukafunga dhaifu, na fedha ilikuwa yangu.

Wa tatu akasema rejeta imeziba. Huyu walau alikuwa na sababu: kwa miezi kadhaa gari lilikuwa likiongezwa maji ya mtoni, na udongo wa mtoni hukaa kwenye mirija ya rejeta kama ukoko kwenye sufuria. Sehemu yenye mvua kama Kyela, maji ya mvua yaliyokingwa safi yangekuwa afadhali mara nyingi, na dawa ya rejeta iliyochanganywa kwa kipimo ingekuwa bora zaidi. Mjomba akapata rejeta ya mtumba Mwanjelwa, Mbeya, nzuri kabisa. Ilikuja bila kifuniko.

"Cha zamani si unacho, mzee?"

Alikuwa nacho. Kikafungwa kwenye rejeta mpya.

Mwezi wa sita mjomba alimchukua shangazi kwenda kliniki ya macho Mbeya, na magunia mawili ya mchele kwenye buti kwa ajili ya ndugu. Baada ya Kiwira mshale wa joto ukaanza kupanda. Akasema moyoni kwamba Isongole ni baridi, kule kwenye viazi upepo utaipoza injini. Alipokaribia huko mshale ulishuka ghafla hadi chini. Shangazi ananiambia alimsikia akimshukuru Mungu kwa sauti. Dakika chache baadaye injini ikaanza kugonga, nguvu zikaisha, likazimika lenyewe katikati ya mlima.

Mshale ule haukushuka kwa sababu ya baridi. Kihisio cha joto husoma maji yanayokigusa, na maji yalikuwa yamekwisha. Kilibaki kikining'inia kwenye mvuke. Dereva akiona mshale umepanda kisha ukaanguka ghafla bila yeye kufanya lolote, asimame papo hapo, azime, na asiguse kifuniko mpaka injini ipoe kabisa. Watu wameungua nyuso kwa haraka hiyo.

Gari lilivutwa hadi Uyole kwa mzee mmoja fundi. Alikaa kwenye kigoda na hakugusa spana.

"Linachemsha wapi?"

"Mlimani."

"Tambarare?"

"Kamwe."

"Asubuhi kabla hujaliwasha, mpira wa juu wa rejeta ukoje?"

Mjomba akafikiri. "Umebonyea, kama umenyonywa. Nimeuona miezi minane. Nilidhani mpira umezeeka."

Yule mzee akainuka, akakitoa kifuniko, akaibonyeza springi yake kwa kidole gumba. Ikaingia kama hakuna kitu. Mpira wa chini ya kifuniko ulikuwa umekauka na kupasuka. Mafundi watatu walikuwa wameanza kazi kwa kukifungua na kuimaliza kwa kukifunga, na hakuna aliyekigeuza kukitazama.

Kifuniko kile hakikuwekwa kuzuia maji yasimwagike tu. Kazi yake ni kuyakandamiza. Kyela maji ya wazi huchemka kama nyuzi 98, maana ufukwe wa Ziwa Nyasa hauko hata mita 500 juu ya bahari. Barabara ikivuka mita 2,000 karibu na Isongole, hewa ni nyepesi na maji huchemka kama nyuzi 93, ilhali injini inayopanda imebeba mzigo hupenda kuvuka hapo. Kifuniko kizima chenye alama 0.9 huyabana maji hadi yasichemke mpaka yapite nyuzi 110, hata kule juu. Baridi ya Isongole inasaidia rejeta, ni kweli, lakini wembamba wa hewa yake unadai kifuniko kizima. Katikati ya kifuniko kuna vali ndogo inayoruhusu maji yaliyokimbilia kwenye chupa ya akiba yarudi injini ikipoa. Ikikwama, maji hayarudi, na mpira wa juu hujibonyeza kwa kunyonywa. Barabara ya Kyela kwenda Uyole ilikuwa inaipima injini ile na kutoa majibu kila safari. Hakuna aliyeyasoma.

Kipya kilikuwa bei ya sahani chache za wali na mbasa.

Lakini tulikuwa tumechelewa. Hedi ya injini ile ni ya aluminiamu, bloku ni ya chuma, na aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma ikipata moto. Mzee aliilaza hedi, akaweka rula ya chuma juu yake, akatuonyesha mwanga ukipenya chini. Ingekuwa imepinda tu ingesawazishwa kwenye mashine na kufungwa gasketi mpya. Ilikuwa na ufa kati ya vali. Mjomba akamwambia "ndaga fijo", asante sana kwa Kinyakyusa, akatoka nje, akakaa peke yake kwenye jiwe muda mrefu.

Injini ya mtumba tuliitafuta safari hii kwa maswali. Tulitaka 5A ya kizazi kilekile ili waya na vihisio vikubaliane. Tulifungua kifuniko cha oili kutazama kama kuna utando wa rangi ya chai ya maziwa, dalili ya maji kuingia kwenye oili. Tulitoa plagi zote nne, maana plagi moja iliyooshwa safi kuliko wenzake imekuwa ikinyweshwa maji. Mzee akapima mgandamizo silinda kwa silinda, akatufundisha kwamba silinda nne kulingana ni jambo kubwa kuliko moja kuwa juu sana. Injini mbili za kwanza tuliziacha. Kisha tulikwenda TRA na kadi ya gari, kwa kuwa namba ya injini ilibadilika.

Na nilijifunza kugawa vipuri mafungu mawili. Cha chuma kisichochakaa upesi, kama oltaneta, stata au rejeta, mtumba halisi wa Japani mara nyingi humshinda mpya wa bei ya kutupa. Cha mpira, cha karatasi na cha springi, yaani mikanda, gasketi, themostati, kifuniko, hicho hununuliwa kipya kila mara, kwa sababu umri wenyewe ndio unaokiua hata kama gari lilikotoka halikutembea. Wala usipande namba ukidhani unaongeza nguvu: kifuniko cha 1.1 kwenye rejeta kuukuu ya 0.9 kinaweza kupasua kichwa chake cha plastiki. Nenda dukani na kifaa cha zamani mkononi na namba ya chesisi mfukoni.

Tulipanda tena mwezi wa nane, mimi nikiwa kiti cha mbele. Kabla ya safari mjomba aliweka alama ya kalamu kwenye chupa ya akiba. Isongole tulipita mshale ukiwa katikati. Uyole tulipofika, maji ya chupa yalikuwa yamepanda juu ya alama kiasi cha vidole viwili. Tukalala kwa ndugu.

Alfajiri nilimsikia akitoka na tochi kabla hajamsalimu mtu. Nikamfuata kwenye baridi. Alikuwa ameinama kwenye boneti, vidole vimeushika mpira wa juu. Ulikuwa mviringo. Akaimulika chupa, akasogeza uso karibu na alama yake.

"Yamerudi," akasema.