Fundo la Ulimi

 

 Maneno haya nilipangiwa kuyasema mimi mwenyewe msikitini baada ya swala ya Isha, muhula uliopita. Sikuyasema. Nilimwambia amiri wetu kwamba naumwa kichwa na, Allah anisamehe, kichwa kilikuwa kizima. Kilichonishinda ni kuzungumza.

Sina kigugumizi. Anayenisikia nikisoma Suratul Mulk hawezi kujua kama nina shida yoyote, kwa sababu yale ni maneno niliyoyarudia mara elfu. Shida yangu iko kabla ya neno kufika mdomoni. Najua ninachotaka kusema, lakini neno lenyewe silioni, au linakuja jirani yake. Ramadhani iliyopita nilipewa dakika kumi kabla ya futari, nikasema kwamba Nabii Yunus alitupwa kisimani na ndugu zake. Watu wakacheka. Kisa cha Nabii Yusuf nakijua tangu madrasa! Nikajaribu kujisahihisha, nikasema Yunus tena, nikakaa chini.

Kusikiliza nako ni kazi. Katika mtihani wa mdomo wa mirathi niliulizwa kwa pumzi moja: mtu amefariki, ameacha mke, mabinti wawili, mama na ndugu mmoja wa baba na mama, kila mmoja anapata nini? Mwalimu alipofika kwa ndugu, mimi nilikuwa nimeshampoteza mke. Nikaomba arudie. Akarudia kwa kasi ile ile, kisha akaandika kwamba sikujiandaa. Nilipotoka nje nikaandika swali kwenye kiganja: mke thumuni, mabinti theluthi mbili, mama sudusi, na ndugu anachukua kilichobaki, sehemu 1 kati ya 24. Ilinichukua chini ya dakika mbili.

Nilikulia Buyenzi, Bujumbura, ambako Kiswahili ndicho lugha yetu ya nyumbani. Shuleni nikakutana na Kirundi, halafu Kifaransa, na huku Uganda Kiingereza, juu yake Kiarabu cha masomo. Kwa hiyo kila mwalimu aliyeniona nimekwama alikuwa na sababu tayari: huyu lugha ni nyingi, zitamtulia. Lakini mama yangu alikuwa akinituma dukani vitu vinne narudi na viwili, na alinituma kwa Kiswahili. Bibi akaniandikishia kombe, nikanywa. Jirani akasema ulimi wangu ni mfupi, ukatwe kidogo chini. Mama alikataa, Allah amlipe kheri.

Mwenzangu mmoja anayesoma mambo ya afya ndiye aliyeniambia kwamba wapo watoto ambao lugha yenyewe inawawia nzito, ingawa wanasikia vizuri na akili zao hazina kasoro. Wataalamu wanakadiria ni takriban mtoto 1 kati ya 14, na kwa wengi hali hiyo huendelea hadi utu uzima. Kama mtoto ana lugha tatu, zote tatu huathirika. Haiwi moja tu, na wala wingi wa lugha si chanzo chake. Mimi sijapimwa na mtu yeyote, kwa hiyo sijipi jina la ugonjwa. Lakini nimejifunza kwamba jambo hili lipo, na kwamba Chuo Kikuu cha Makerere kilianza mwaka 2008 kusomesha wataalamu wa matamshi na lugha. Nimefika umri huu bila kujua kwamba kazi hiyo ipo duniani.

Sasa turudi kwenye Kitabu cha Allah. Nabii Musa (A.S.) alipoamrishwa kwenda kwa Firauni, dua yake iko katika Sura Taha, kuanzia aya ya 25. Aliomba kifua kikunjuliwe, jambo lake lifanywe jepesi, na fundo lililo katika ulimi wake lifunguliwe. Kwa nini? Ili watu wafahamu anachosema. Ibn Kathir anatuonyesha jambo hapa: Musa hakuomba ufasaha wote, aliomba kiasi cha kufahamika tu. Vitabu vya tafsiri vinasimulia kwamba alipokuwa mtoto aliweka kaa la moto mdomoni. Ni simulizi mashuhuri, lakini Qur'ani yenyewe haikututajia sababu ya fundo lile. Mimi hupumzika ninapokumbuka hilo, kwa maana nimeulizwa sababu yangu maisha yangu yote.

Kisha akaomba jambo la pili, nalo tunalipita haraka mno katika darasa zetu. Aliomba msaidizi, ndugu yake Harun. Katika Suratul Qasas, aya ya 34, anakiri waziwazi kwamba Harun ni fasaha kuliko yeye. Mtume mzima, aliyesemeshwa na Allah moja kwa moja hata akaitwa Kalimullah, anasema mbele ya Mola wake: mwenzangu anazungumza vizuri kunishinda, nipe niwe naye. Akapewa yote aliyoyaomba. Mimi kwa miaka mingi nilikuwa naomba fundo lifunguke tu, na Harun sikumwomba, kwa sababu kumwomba kungenilazimu kumweleza mtu hali yangu.

Na Firauni alimjibu nini? Soma Suratuz Zukhruf, aya ya 52. Aliwaambia watu wake kwamba yeye ni bora kuliko huyu mnyonge asiyeweza hata kujieleza vizuri. Hoja ya Musa hakuigusa, alishika ulimi wake. Ndugu zangu, siku ile ya futari hakuna aliyekusudia ubaya, najua, na mimi pia nimewahi kuwacheka wengine. Lakini tuangalie ile kauli ni ya nani.

Watu wakitaka kunifariji hunitajia hadithi ya bi Aisha (R.A.) kwamba anayesoma Qur'ani kwa kusitasita na taabu ana ujira mara mbili. Naipenda hadithi hiyo, lakini inahusu usomaji wa Qur'ani, tusiinyooshe ikafika kila mahali. Inayonigusa zaidi ni ya Habban bin Munqidh (R.A.), wengine wanasema ni baba yake. Alijeruhiwa kichwani, ulimi wake ukaathirika, na akawa anapunjwa katika biashara. Jamaa zake walitaka azuiwe kabisa. Mwenyewe akasema hawezi kuiacha biashara. Mtume (S.A.W.) akamfundisha neno fupi la kusema kila anapouziana na mtu, kwamba hakuna kulaghaiana, na katika baadhi ya riwaya akampa siku tatu za kufikiri. Katika riwaya ya Muslim, hata neno hilo hakuweza kulitamka sawasawa: badala ya khilaba alisema khiyaba. Sokoni lilikubaliwa hivyo hivyo. Yeye alipata kwa jeraha na mimi ni tangu utotoni, hatulingani. Ila aliachwa sokoni, na sheria ikamtengea muda.

Mimi nilijiondoa mwenyewe. Baada ya ile Ramadhani niliswali chumbani karibu muhula mzima, nikiikosa jamaa, kwa kuwa baada ya salamu watu hugeuka na kuanza mazungumzo. Sikuogopa swala hata kidogo. Niliogopa zile dakika tano za baada yake. Inawezekana katika safu yako yupo mwingine wa namna hiyo, na wewe unadhani ana kiburi.

Maandishi haya yamenichukua wiki tatu. Mwenzangu wa chumbani ameyasoma mara nne na kunisaidia kuzipanga sentensi; yeye ndiye wa kwanza niliyemweleza. Nimemwomba amiri anirudishe kwenye ratiba, Ijumaa ya kwanza ya muhula ujao, baada ya Isha. Dakika tano zinatosha. Mwenzangu atakaa kando yangu na karatasi. Nikinyamaza, msinimalizie sentensi, leteni subhanallah kumi kimoyomoyo kwanza. Na mwenye swali aliulize kwa ufupi, au aniandikie.

Mada ni kisa cha Nabii Yusuf. Nikisema Yunus, mnajua ninayemkusudia.

Wabillahi tawfiq.