Jembe la Pili

Mchezaji wa gofu haruhusiwi kubeba zaidi ya fimbo 14. Akiongeza moja ya mipigo mifupi, huenda akalazimika kuacha ya mipigo mirefu. Mama alipokimbia Mbau, katika vita vya Cabo Delgado vilivyoanza 2017, kikomo chake kilikuwa kichwa na shingo. Alibeba majembe mawili, akaacha sufuria. Nilimlaumu baadaye: moja lisingetosha?

“Ungelima na nini, mwanangu?”

Mimi nilikuwa Pemba shuleni, hana habari zangu. Hesabu yangu ilipima kazi ya kifaa; yake ilimpima asiyekuwepo. Lakini wadogo zangu, waliokuwepo, walingoja jirani amalize kupika ndipo tuazime sufuria. Hao nawajibu nini?